Kodi kwa Kodi: Kwa Nini Mshahara wa Kenya Haujawahi Kutosha Nyumba

Mwezi uliopita mwenye nyumba alinitumia ujumbe saa tatu usiku. Kuanzia tarehe moja, kodi inapanda kutoka 8,500 hadi 10,000. Hakuna salamu, hakuna pole. Ninaishi bedsita ghorofa ya tano, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na dirisha langu linatazama dirisha la jirani. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu, kisha nikafanya kile kizazi chetu hufanya kikikasirika: nikashika simu nikaanza kuandika posti ya kulalamika.

Nilipofika kwenye neno "kodi" nikasimama. Mwenye nyumba namlipa kodi. Serikali nayo nailipa kodi. Neno ni moja. Nikajiuliza kama ni bahati tu ya lugha au kuna hadithi nyuma yake. Nikaacha kulalamika, nikaanza kusoma. Sasa mwaga chai kwenye kikombe, hii si posti ya dakika moja.

Twende 1901. Serikali ya Mwingereza ilileta kodi ya nyumba, na kwa muda mfupi ikafika rupia tatu kwa mwaka. Si nyumba ya kupanga, la. Ni kibanda chako mwenyewe, ulichojenga kwa miti na udongo wa kwenu, majirani wakikusaidia kuezeka. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili, kwa hivyo alilipa mara mbili. Mwaka wa 1910 kodi ya kichwa ikaongezwa ili vijana wasio na nyumba nao wasikwepe.

Rupia hizo hukuzivuna shambani. Zilipatikana kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli na bandarini. Na hilo ndilo lilikuwa lengo kubwa, kwa sababu walowezi walikuwa wanalia hawana wafanyakazi. Hebu fikiria: mtu ana nyumba, hana deni, halafu analazimika kuiacha ili akatafute pesa za kulipia kuwa nayo. Nyumba yake ndiyo iliyomfukuza nyumbani.

Akafika mjini. Reli ilikuwa imefika Nairobi 1899, na mji ulihitaji mikono. Lakini ulihitaji mikono tu, haukutaka watu. Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa kazi. Baada ya Vita vya Kwanza akavalishwa kipande shingoni, na kazi ikiisha alitarajiwa arudi alikotoka. Na mshahara wake? Ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na familia. Mke na watoto wako kijijini, wanakula cha shambani, wanalala bure. Kwa hivyo mlipe posho na mahali pa kulaza mbavu, imetosha. Wanahistoria wanauita mshahara wa kapera. Kumbuka hilo jina, tutalirudia.

Mwaka wa 1921 mambo yalizidi. Kodi ya serikali ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, na wakati huo huo waajiri wakazungumzia kukata mishahara kwa theluthi moja. Hapo ndipo kijana mmoja mpiga simu wa serikali, Harry Thuku, alipowakusanya wafanyakazi wa Nairobi. Alikamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi. Shuleni tulifundishwa kuwa hiyo ilikuwa siasa. Ni kweli, lakini ukiisoma vizuri ilikuwa pia hesabu ya mwisho wa mwezi: kinachoingia kinapungua, kinachotoka kinaongezeka. Mwaka huo huo kodi ilishushwa hadi shilingi 12.

Makazi nayo? Mji uliwasukuma watu kama samani. Vijiji vya Waafrika vilibomolewa kimoja baada ya kingine, watu wakaelekezwa Pumwani. Pangani, ambako wenyeji walikuwa wamejijengea nyumba na kupangisha vyumba, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 30, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea. Ona kilichobadilika hapo: mtu aliyekuwa na nyumba yake akawa mpangaji wa halmashauri.

Sasa niwaletee babu yangu. Alikuja Nairobi 1951, akapata kazi ya reli, akawekwa kwenye landi za Muthurwa. Chumba kimoja, wanaume wanne, jiko la makaa mlangoni. Babu alishatuacha, kwa hivyo nilimpigia nyanya simu.

"Nyanya, wewe na babu mlikaa Nairobi miaka mingapi?"

"Kukaa? Nani alikaa? Mimi nilikuwa naenda kumwona, mjukuu wangu. Wiki mbili, narudi."

"Na ulikuwa unalala wapi?"

"Wale wengine walikuwa wanatoka, wanaenda kulala kwa marafiki. Lakini sikuenda mikono mitupu. Nilibeba mahindi na maharagwe, debe zima. Mshahara wake haungemlisha hadi mwisho wa mwezi."

Soma hiyo tena. Mke aliyekuwa kijijini ndiye aliyekuwa analisha mfanyakazi wa mjini. Mwajiri alipata mtu mzima kwa nusu bei, na nusu ile nyingine ililipwa na jembe la nyanya yangu.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Mombasa, katikati ya 1939, vibarua wa idara ya ujenzi wa serikali waligoma, na madai yao makubwa yalikuwa mishahara na pesa za nyumba. Mgomo ukasambaa hadi bandarini. Mombasa ilikuwa na shida ya aina yake: watu wengi walikuwa na nyumba bila ardhi. Unajenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kila mwezi. Ili ulipe, unapangisha vyumba. Bandari ikipanuka wageni wanaongezeka, vyumba vinajaa na kodi inapaa.

Vita vikapandisha bei ya kila kitu. Januari 1947 Mombasa yote ikasimama. Wafanyakazi kama 15,000 waligoma karibu wiki mbili: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hadi watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa Majengo waliouita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao mkuu alikuwa Chege Kibachia. Miezi michache baadaye alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Lakini mishahara ilichunguzwa, ikaongezwa kidogo.

Halafu ikaja ripoti ambayo ningependa kila Mkenya aijue. Mwaka wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, kamati ya serikali yenyewe iliyoongozwa na Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika. Ikagundua kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za kibinafsi walilipwa pesa zisizotosha mahitaji ya msingi ya mtu mmoja. Wachana na mke na watoto, mtu mmoja! Kamati ikapendekeza kuwa, polepole, kwa kama miaka kumi, Kenya iache mshahara wa kapera na ihamie mshahara wa familia: ule unaoweza kumweka mke, watoto na nyumba mjini.

Miaka kumi kutoka 1954 ni 1964. Bendera ilikuwa yetu tayari. Sasa niulize: huo mshahara wa familia ulifika?

Jibu liko kwenye karatasi yako ya mshahara. Kuna mstari wa marupurupu ya nyumba. Ule mstari haukuanguka kutoka mbinguni, uligomewa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri akupe makao ya kufaa au akulipe pesa za kutosha kupanga, juu ya mshahara. Maneno mazuri kabisa. Lakini kwa wanaolipwa kima cha chini, agizo la mishahara linaweka asilimia 15. Baada ya nyongeza ya Novemba 2024, kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa au Kisumu hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Asilimia 15 ya hiyo ni kama 2,417.

Nitafutie chumba cha 2,417 Nairobi. Chenye choo cha kushirikiana na watu ishirini, sawa tu. Nitangoje hapa.

Cha kuchekesha, kuna sheria nyingine ya zamani, ya kudhibiti kodi, ambayo inawalinda wapangaji dhidi ya kupandishiwa ovyo. Mpaka wake ni nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni kama sheria mbili zimekaa pamoja zikakubaliana kwamba huo mji upo. Mimi na ujumbe wangu wa saa tatu usiku hatumo.

Si kwamba serikali za uhuru hazikujenga. Kuanzia 1973 Buruburu ilipanda, nzuri, kwa wenye mishahara ya ofisi na mkopo. Umoja ilifuata kwa pesa za msaada wa Marekani. Dandora ilianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja kama 6,000 vyenye maji na choo, maskini ajijengee mwenyewe pole pole. Wazo lilikuwa zuri. Lakini wengi waliopata viwanja walikuwa na kipato kidogo mno cha kumaliza ujenzi. Wakapangisha vyumba, wengine wakauza kimya kimya. Leo ukipita Umoja na Dandora unaona ghorofa na wapangaji. Nyumba zilijengwa, ila mfuko wa aliyelengwa haukujengwa, kwa hivyo nyumba ikamfuata mwenye mfuko.

Na sasa tuko kwenye sura yetu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa sahihi Machi 2024, baada ya mahakama kuukataa ushuru wa kwanza uliowekwa 2023. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kodi ya nyumba imerudi, jamani, miaka 120 baadaye.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu najua mtanishambulia kwa komenti. Mei 2025 zaidi ya nyumba elfu moja zilikabidhiwa Mukuru, na ndogo kabisa inalipiwa chini ya 4,000 kwa mwezi. Kwa mtu aliyekuwa akilipa karibu hiyo kwa mabati, maji ya kununua na hofu ya moto, hilo si jambo dogo. Sitalidharau. Na sitasema mwenye nyumba wangu ni shetani. Naye alikopa, ana riba. Nchi hii ya watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 tu. Aliye na ghorofa na asiye na ghorofa wote wanasukumwa na pesa ghali.

Ila historia inaniambia swali letu tunaliuliza upande mmoja. Kila mara tunauliza: nyumba ngapi zitajengwa? Wafanyakazi wa 1947 waliuliza lingine: ninalipwa kama nani? Kama kapera mgeni au kama mtu mwenye familia anayeishi hapa? Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema makao ni haki yangu. Lakini haki inayolipiwa kwa mshahara wa kapera itaishia mikononi mwa mwenye mfuko, kama Dandora, kama Umoja. Kabla ya kuhesabu ghorofa, tuhesabu ile asilimia 15. Tuhesabu ule mpaka wa 2,500. Hizo ni namba, na namba hubadilishwa na watu wanaoziuliza.

Kwa hivyo kesho chukua karatasi yako ya mshahara. Tazama mstari wa nyumba, halafu tazama kodi unayolipa. Tofauti kati ya hizo mbili, jiulize inalipwa na nani.

Yangu nimeshajua. Alhamisi iliyopita nilipigiwa simu na watu wa matatu, niende stejini nikachukue mzigo. Gunia dogo limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani, mahindi na maharagwe. Nyanya ana miaka zaidi ya themanini. Alianza kwa kumlisha mumewe ili reli impate kwa bei nafuu. Sasa ananilisha mimi, ili nifikishe ile elfu kumi.

Nilimpigia kumshukuru. Akaniuliza kama nimeshapata nyumba.

Nikamwambia, "Nina mahali pa kulala, Nyanya."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hivyo ndivyo babu yako alivyokuwa akisema."