Jembe na Hati: Vijana, Wazee na Ardhi ya Dagoretti

Makala haya yanakusudia kuchunguza shutuma moja iliyozoeleka, kwamba vijana wa Kenya wamelikimbia jembe na kuwaachia wazee kilimo. Mfano wetu ni Dagoretti, magharibi ya Nairobi, yaani Riruta, Kawangware, Waithaka na vitongoji jirani. Tumeuchagua kwa sababu huko kijana hakuhitaji kusafiri ili aufikie mji. Mji ndio uliomfikia shambani.

Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, Wakikuyu wa Dagoretti walikuwa tayari wakiiuzia chakula misafara ya kwenda bara. Ardhi ilikuwa chini ya mbari, na kijana alipooa aligawiwa sehemu yake ya kulima. Hivyo basi, ukulima na utu uzima vilikwenda pamoja.

Utawala wa kikoloni uliuvunja utaratibu huo. Kodi ya nyumba iliwalazimu vijana kutafuta fedha, na zao lililoleta fedha, yaani kahawa, Waafrika wa sehemu hizi walizuiwa kulipanda kwa miongo mingi, ingawa wamisionari wa St Austin's, jirani zao, walilipanda tangu mwanzo wa karne ya 20. Kijana aliijua kahawa kama kibarua tu. Neno hili lenyewe limetokana na barua, ile karatasi ya kuhesabia siku za kazi. Halimtaji mtu kwa anachokilima, bali kwa ujira wake.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ulioagiza vipande vya ardhi viunganishwe na wenyewe wapewe hati. Katika wilaya ya Kiambu, iliyokuwa na Dagoretti wakati huo, kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya hali ya hatari, wanaume wengi wakiwa vizuizini. Hati iliandikwa aghalabu kwa jina la baba. Kilichokuwa haki ya ukoo kikawa mali ya mtu mmoja, na mwana akawa mrithi angojaye. Binti hakufikiriwa kabisa.

Baada ya uhuru, Dagoretti ikiwa imetiwa ndani ya mipaka ya Nairobi, serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa mwaka 1964 wito wa "Turudi mashambani". Kwa kijana wa Kawangware swali lilikuwa wazi: arudi shamba la nani? Wakati huohuo wakazi wa Nairobi waliongezeka kutoka 509,286 mwaka 1969 hadi 827,775 mwaka 1979; mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Watu hawa walihitaji malazi. Mwenye hati alitambua kwamba vyumba vya kupangisha huleta kodi kila mwezi, hali mahindi hungoja mvua. Kwa hiyo aliyeliondoa shamba, mara nyingi, hakuwa kijana.

Haifai kukana kwamba wapo vijana wanaokidharau kilimo. Shule nyingi zilikitumia kama adhabu, na elimu ya kikoloni ilikuza heshima ya kalamu kuliko ya jembe. Lakini dharau hiyo peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Husemwa mara kwa mara kwamba wastani wa umri wa mkulima wa Kenya ni miaka 60. Hapana budi tuulize ni nani aitwaye mkulima. Tukimhesabu mwenye shamba peke yake, tutampata mzee. Tukimhesabu pia mwana apaliliaye shamba la babaye, na kibarua akataye majani ya ng'ombe kando ya barabara ya Kangemi, umri utashuka.

Hitimisho letu ni kwamba uzee wa kilimo, katika sehemu hii, ni uzee wa hati kabla ya kuwa uzee wa mikono. Kumhimiza kijana arudi shambani bila ya kumgawia shamba, baba angali hai, ni kumwita kwenye kibarua kilekile alichokiacha babu yake.