Maktaba za Watu Wote: Zilikotoka na Zilikofika

Neno maktaba lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni mahali pa vitabu. Sisi watu wa Lubumbashi twazoea zaidi kusema biblioteke, kwa kuwa neno hilo tulilipokea kwa Wabelgiji. Lakini jina lolote tulitumie, jambo ni lile lile: ni nyumba ambamo mtu asiye na fedha za kununua vitabu aweza kuingia, akasoma, akaazima kitabu, kisha akakirudisha ili mwenzake naye akisome. Leo nataka kueleza jinsi nyumba za namna hiyo zilivyoanza kwa jirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, zilipata nguvu namna gani, na kwa nini baadaye zilidhoofika. Mwishoni tutaona hayo yatufaa nini sisi wa huku.

Huenda mtu atauliza: Habari za vitabu ni za nini, na watu wanatafuta unga? Jibu ni hili. Kusoma ni kama njia ya porini. Ikipitwa kila siku hukaa wazi, isipopitwa huota majani. Mtoto hukaa shuleni miaka sita, akatoka anajua kusoma. Akikosa kitabu nyumbani, baada ya miaka michache husoma kwa kukwama-kwama, na halafu huacha kabisa. Hapo fedha za wazazi na jasho la mwalimu vimepotea pamoja. Hasara hiyo ndiyo maktaba iliwekwa kuizuia.

Nyumba za vitabu zenye milango miwili

Katika siku za ukoloni nyumba za vitabu zilikuwapo, lakini hazikuwa za watu wote. Mfano ulio wazi ni ule wa Nairobi. Mwaka 1931 ilifunguliwa pale maktaba ya McMillan, nyumba nzuri ya mawe yenye nguzo kubwa mbele yake. Ilijengwa kwa ukumbusho wa Sir Northrup McMillan, bwana tajiri aliyefariki mwaka 1925. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma, wala Mhindi. Ilikaa hivyo mpaka mwaka 1958. Mwaka 1962 Baraza la Jiji la Nairobi liliichukua, na tangu hapo ikawa mali ya wenyeji wote wa jiji.

Katika Kongo ya Wabelgiji mambo yalikuwa karibu sawa. Wazungu walikuwa na maktaba zao. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianza kufungua maktaba nyingine ndogo kwa ajili ya Wakongomani. Hizo zilitumiwa hasa na makarani, walimu na wauguzi, ambao siku zile waliitwa evolue. Ndio hao waliosoma pia gazeti La Voix du Congolais, lililoanza kutolewa Léopoldville mwaka 1945. Basi vitabu vilikuwapo, lakini mlango wa huyu haukuwa mlango wa yule. Tena karibu vyote viliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wake zao wengi hawakufundishwa.

Masanduku ya mbao

Vita ilipokwisha mwaka 1945, serikali ya Waingereza ilimwomba mwandishi Elspeth Huxley, aliyekulia Kenya, achunguze namna ya kuwapatia watu wa Afrika ya Mashariki vitabu vya kusoma. Kwani askari wengi walikuwa wamerudi makwao wakijua kusoma, na shule za misioni zilikuwa zinatoa wasomaji wapya kila mwaka, lakini vitabu vya watu wazima vilikuwa haba sana. Matokeo yake, mwaka 1948 liliundwa shirika la East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Mkuu wake alikuwa Charles Richards, ambaye hapo kwanza alisimamia duka la vitabu la misioni ya Kianglikana.

Shirika hilo lilifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji. Ya pili ilikuwa kuvifikisha vitabu kwa wasomaji. Sasa, utavifikishaje kwa watu waliotawanyika katika nchi pana hivyo? Hawakungoja kujenga nyumba. Walitengeneza masanduku, wakayajaza vitabu, wakayapeleka shuleni, katika vituo vya kazi na katika mabaraza ya wenyeji. Pale palikuwa na mwalimu au karani wa kuyatunza na kuandika majina ya walioazima. Na mtu aliyekaa mbali kabisa aliandika barua, akapelekewa kitabu kwa posta, na akisha kukisoma akakirudisha kwa posta vilevile.

Naomba tulikumbuke sanduku hilo, kwa maana tutalirudia. Halikuhitaji mlango wala bati. Lilihitaji mambo matatu tu: vitabu ambavyo watu wanataka kuvisoma, mtu mwaminifu mwenye daftari, na mtu wa kulibadilisha sanduku vitabu vyake vikisha kusomwa.

Sheria za miaka ya 1963, 1964 na 1965

Hata hivyo masanduku yalikuwa kazi ya shirika moja lililokuwa Nairobi, nalo lilitegemea fedha za kuombwa. Sydney Hockey, aliyesimamia maktaba za shirika hilo, aliliona jambo hili. Mwaka 1960 alitoa taarifa yake. Shauri lake kubwa lilikuwa kwamba kila nchi itunge sheria yake, iunde halmashauri yake ya maktaba, na serikali yenyewe ilipe gharama kama inavyolipa shule na hospitali.

Shauri hilo lilifuatwa. Tanganyika ilitangulia kwa sheria ya mwaka 1963, Uganda ikafuata mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Huko Makerere, Uganda, chuo cha kufundisha wakutubi, yaani watunza maktaba, kilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya nchi zote tatu. Wenye akili waliona kwamba nyumba ya vitabu bila mtu aliyefundishwa ni ghala tu.

Kazi ya Tanganyika ilianza mwaka 1964 chini ya Mwingereza E. M. Broome. Tarehe 9 Desemba 1967, siku taifa lilipotimiza miaka sita ya uhuru, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 ikatoka ile ya Mabepari wa Venisi. Maktaba ile haikujengwa kwa ajili ya Dar es Salaam peke yake. Ilikuwa kama moyo: vitabu vilinunuliwa pale, vikaandikishwa pale, vikapelekwa katika maktaba za mikoa. Baadaye kazi ikashikwa na Mtanzania, Bwana E. E. Kaungamno, na mwaka 1975 sheria ikatungwa upya.

Kisomo na maktaba za vijiji

Hapo twafika penye kiini cha habari. Serikali ya Tanzania ilikuwa imekusudia kuwafundisha watu wazima wote kusoma na kuandika. Kazi hiyo iliitwa kisomo. Mwaka 1968 ilianza kwa majaribio kandokando ya Ziwa Viktoria, ikisaidiwa na UNESCO, halafu ikaenea nchi nzima. Kwa hesabu za serikali yenyewe, mwaka 1975 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 39 katika kila 100. Mwaka 1986 walikuwa hawafiki 10 katika kila 100.

Lakini viongozi wa kisomo waliona upesi ile hatari niliyoitaja mwanzoni. Mama aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40 atasoma nini kesho? Kitabu cha kwanza amekwisha kukimaliza. Ndiyo sababu huko Mwanza lilitolewa gazeti la wasomaji wapya, jina lake Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Na katika miaka ya 1970 zikafunguliwa maktaba za vijiji, kila moja ikiwa na vitabu vichache vya kilimo, afya, siasa na hadithi. Masanduku ya zamani yalikuwa yamerudi, ila safari hii yakiwa na sheria na halmashauri nyuma yake.

Miaka ya shida

Basi, kwa nini hatusemi kwamba yote yalikwisha vizuri? Kwa sababu kitabu huchakaa. Maktaba si kama kisima, ukisha kukichimba ukakunywa miaka mingi. Ni kama shamba, lataka mbegu kila mwaka. Baada ya vita na Idi Amin ya 1978 na 1979, Tanzania ilipungukiwa sana na fedha za kigeni. Petroli ilikuwa shida, karatasi ilikuwa shida, na vitabu vya nje havikuweza kununuliwa kama zamani. Safari za kupeleka vitabu vijijini zilipungua. Vitabu vilivyokuwapo vilisomwa mpaka vikapasuka, na katika vijiji vingi hakuna aliyeleta vingine. Lile shirika la Nairobi nalo lilikufa mwaka 1977, pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya kwanza.

Tena palikuwa na kasoro nyingine ya tangu zamani. Vitabu vingi katika maktaba kubwa vilikuwa vya Kiingereza, ambapo wasomaji wapya walijua Kiswahili. Kwa hiyo meza zilijaa wanafunzi wanaojitayarishia mitihani, na mkulima hakuonekana. Halikuwa kosa la mkulima. Mtu haendi sokoni kusikouzwa chakula anachokula.

Lakini tusiseme pia kwamba kazi ilikufa. Halmashauri ya Tanzania iko hadi leo, na mikoa mingi ina maktaba yake. Chuo cha ukutubi kipo Bagamoyo, mji ule ule ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni yao mwaka 1868. Kenya, mwaka 1996, walianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa, mahali pasipo njia ya gari. Na ile maktaba ya McMillan, iliyokuwa imechakaa pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, imepata watu wa kuifufua. Wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha mwaka 2017 chama cha Book Bunk, wakapatana na jiji wazitengeneze nyumba hizo na kuzijaza vitabu wanavyovitaka wenyeji. Nyumba iliyomfungia Mwafrika mlango sasa yatunzwa na mabinti wa nchi.

Na sisi wa Lubumbashi?

Tulinganishe sasa. Mwaka 1960, Hockey alipokuwa anatoa taarifa yake, kwetu ulikuwa mwaka wa uhuru, tarehe 30 Juni, na wa kujitenga kwa Katanga, tarehe 11 Julai. Wakati Tanganyika inatunga sheria ya maktaba mwaka 1963, sisi tulikuwa tumetoka vitani mwezi wa Januari. Basi tusishangae kwamba hatukwenda sawa nao. Kweli, mji wetu una chuo kikuu tangu mwaka 1956, nacho kina vitabu vyake. Lakini maktaba ya chuo kikuu ni ya wanafunzi na walimu wao. Fundi wa baisikeli wa Bel-Air, au mama auzaye mboga katika komini yetu ya Kampemba, hawezi kuihesabu kuwa yake.

Hasara si ya kusahau kusoma tu. Ni hasara ya kujisahau sisi wenyewe. Mwaka 1965 mtu wa mji huu, André Yav, alikusanya habari za Elisabethville tangu mwanzo wake, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Hakuandika kwa Kifaransa cha mabwana. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha mjini, akaeleza maboi walivyouona mji na walivyoyaona maisha ya mabwana wao. Ni maneno ya baba zetu. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliyatoa kuwa kitabu huko Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Twamshukuru, kwani bila yeye huenda maneno hayo yangalipotea. Lakini tujiulize: Mjukuu wa mmoja wa watumishi wale, akitaka leo kusoma habari za babu yake, atakwenda mtaa gani kuazima kitabu hicho?

Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya Tanganyika yametuonyesha kwamba kazi kubwa yataka sheria na fedha za serikali, na hilo tuna haki ya kuwadai viongozi wetu. Yametuonyesha pia kwamba fedha za serikali zaweza kukauka, na pale ambapo watu walingoja serikali peke yake, rafu zilibaki tupu. Lakini kabla ya sheria lilikuwapo sanduku, nalo lilifanya kazi. Sanduku haliishindi nguvu Bel-Air. Liwe na vitabu 40 au 50, vya Kiswahili viwe vya kwanza. Awepo mtu mmoja wa kulitunza, na daftari la kuandika jina, tarehe ya kuazima na tarehe ya kurudisha. Mtaa wa pili uwe na sanduku lake, na baada ya miezi mitatu mitaa hiyo ibadilishane. Anayerudisha kitabu kimepasuka akigundishe mwenyewe. Na daftari lisomwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, ili kila mtu ajue kitabu kiko kwa nani.