Halijoto ya Kichakataji: Historia ya Dhana na Majina Yake

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta ilivyofikia hatua ya kujipima yenyewe, na kwa nini historia hiyo inamhusu kila anayetafsiri maelezo ya mitambo kwa Kiswahili. Yatupasa kwanza kutenganisha maneno mawili. Joto ni nishati. Halijoto ni kiwango kinachopimwa kwa digrii. Feni huondoa joto. Kihisi hupima halijoto. Katika mazungumzo ya kila siku mchanganyo wa maneno haya hauna madhara makubwa, lakini katika maandishi ya ufundi humpotosha msomaji.

Joto si jambo geni katika kompyuta. Mtambo wa ENIAC, uliozinduliwa nchini Marekani mwaka 1946, ulikuwa na valvu za kielektroni zipatazo 18,000, ukatumia umeme wa kilowati 150 hivi, na ulilazimika kupulizwa hewa wakati wote. Valvu zilipoachia nafasi transista, na hatimaye chipu, tatizo lilipungua kwa muda. Lakini kadiri transista zilivyoongezwa na kasi ilivyopandishwa, ndivyo joto lilivyorudi. Katika miaka ya 1990 ikawa kawaida kichakataji cha kompyuta ya mezani kubandikwa kipande cha chuma chenye mapezi, na feni juu yake.

Mwezi Desemba 1996, kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni zijulikanazo kwa kifupi kama ACPI. Kanuni hizo ziliupa mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza programu nyingine zote, madaraka ya kusimamia umeme na joto. Zilitaja njia mbili za kupoza: ya kwanza ni kuwasha feni, ya pili ni kupunguza kasi ya kichakataji. Halijoto ikifikia kikomo cha hatari, mfumo huamriwa kuzima mashine.

Hapa mtafsiri hukutana na mtego wa kwanza. Njia ya pili imepewa katika Kiingereza jina lenye maana ya utulivu au kutotenda. Wahandisi wengine hulitumia jina hilohilo kwa mapezi ya chuma yasiyo na feni. Tukilifasiri neno kwa neno, msomaji atadhani kwamba hakuna linalofanyika, ilhali kazi yake yote inapunguzwa mwendo. Kwa hiyo twaona inafaa kusema “kupoza kwa feni” na “kupoza kwa kupunguza kasi”. Majina haya ni marefu kidogo, lakini hayadanganyi.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Tangu mwaka 2006, vichakataji vya Intel vya jamii ya Core vimekuwa na kihisi cha kidijiti ndani ya chipu yenyewe. Kihisi hicho hakitoi halijoto. Hutoa idadi ya digrii zilizobaki kabla ya kufikia kikomo. Programu ndiyo inayochukua kikomo na kutoa idadi hiyo ili kupata halijoto. Kwa baadhi ya vichakataji vya mwanzo kikomo hakikuwa kimetangazwa, na watunga programu walilazimika kukisia baina ya digrii 85 na 100. Matokeo yake, programu mbili ziliweza kuonyesha namba mbili tofauti kwa mashine moja, katika dakika moja.

Tuchukue kichakataji chenye halijoto ya digrii 45 za Selsiasi na kikomo cha digrii 100. Katika kanuni za ACPI, zinazohesabu kwa sehemu za kumi za Kelvin, itaandikwa 3182. Katika mfumo wa Linux, unaohesabu kwa sehemu za elfu za digrii, itaandikwa 45000. Kihisi chenyewe kitasema 55. Namba tatu, hali moja. Tena namba ya kihisi hushuka pale halijoto inapopanda. Fundi atakayeambiwa kwamba namba hiyo ni “halijoto” ataiona ikishuka hadi 5, aridhike kuwa mashine imepoa, kumbe iko ukingoni.

Twapendekeza namba hiyo iitwe “salio la halijoto”. Neno salio limekwisha kuzoeleka katika hesabu za benki na za simu, na kila mtu ajua kwamba salio likipungua ni lazima achukue hatua mapema. Neno halijoto libaki kwa kipimo kamili, joto libaki kwa nishati, na kikomo kwa kiwango kisichopaswa kuvukwa.

Historia hii fupi yatufundisha kwamba istilahi haitafutwi kwa kulitazama neno la kigeni peke yake, bali kwa kuuliza kifaa kinapima nini na msomaji atatenda nini baada ya kusoma. Walimu na watafsiri wanaoyatumia maneno haya katika kazi zao twawaomba watuletee maoni yao.