Ayala ni wa Umma, Lango ni la Mwenye Shamba

Wanafunzi wetu wanapotafsiri habari za uwindaji wa Marekani, wengi huandika paa au kulungu. Hao ni wa jamii ya swala, ambao pembe zao hazianguki. Mnyama anayezungumziwa ni ayala, jina tulilonalo tayari katika Zaburi: dume lake huangusha pembe na kuota nyingine kila mwaka. Kusini mwa Sahara hana asili, lakini historia yake inatuhusu sisi tunaoishi na wanyamapori.

Zamani huko Uingereza uwindaji ulikuwa haki ya wafalme na mabwana wenye ardhi. Walowezi wa Marekani waliikataa desturi hiyo, na wanyamapori wakahesabiwa kuwa wa umma. Katika karne ya 19 uhuru huo uligeuka balaa: wawindaji wa biashara waliua bila kikomo, na reli zikapeleka nyama na ngozi mijini. Kufikia 1900, ayala wa mkia mweupe, waliokuwa mamilioni, walikadiriwa kubaki chini ya 500,000. Mwaka huo sheria ya Lacey ilikataza kusafirisha baina ya majimbo wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 1937 sheria ya Pittman-Robertson ilielekeza kodi ya bunduki na risasi katika kurejesha wanyamapori. Leo ayala hao wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi.

Wanyama waliporudi, ugomvi ulihamia kwenye ardhi. Huko Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Mwenye shamba hamiliki ayala, ila anamiliki lango. Kampuni za uwindaji wa kitalii hukodi haki ya kuingia, na wateja wao hutaka madume wenye pembe kubwa. Majike wakiachwa, kundi huongezeka na mazao ya jirani huliwa, ilhali mwindaji wa kawaida mwenye leseni yuko nje ya uzio. Montana ilianzisha mpango wa Block Management mwaka 1985, ambao huwafidia wenye mashamba wanaofungua milango kwa umma.

Kwetu, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda ilianza kuujaribu upya mwaka 2001 kwenye mashamba ya mifugo karibu na Ziwa Mburo. Swali ni lile lile: mnyama ni wa nani, na njia ya kumfikia ni ya nani? Walimu wenzetu, tuwafundishe wanafunzi kutenganisha maswali hayo mawili kabla hawajashika kalamu.