"Malaika" na Zizi Tupu

Miaka michache iliyopita, kwenye baa moja huko Nkuhungu, hapa Dodoma, vijana wanne wenye magitaa ya umeme na dramu zilizochoka waliupiga "Malaika". Si ule wa harusini. Walianza taratibu, halafu mpiga dramu akaachia, gitaa likakwaruza, na mwimbaji akapaza sauti kama mtu anayedai deni. Mzee wa meza ya jirani akanigeukia: "Hawa wameharibu wimbo."

Nilikaribia kumuunga mkono. Lakini huu wimbo umeguswa na wangapi? Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim, Mtanzania, alidai yeye ndiye aliyeutunga, tena tangu 1945, na ubishi huo haujaisha. Miriam Makeba akausambaza duniani. Mwaka 1967 ukatoka Sweden kwa Hep Stars, bendi ya roki ambayo kinanda chake kilikuwa mikononi mwa Benny Andersson, yule aliyekuja kuwa wa ABBA. Mwaka 1981 Boney M. wakautia disko.

Kubadilishwa mdundo si kosa. Kinachopotea njiani ni kisa. Sisi tunaoelewa maneno tunajua: kijana anapenda, ila hana mali, hawezi kuoa. Ukiupiga kwa utamu mno, kama unambembeleza mtoto, umaskini wake unageuka pambo.

Huku Ugogo mahari ni ng'ombe. Mvua zikikata, malisho yanakauka na posa nyingi zinalala. Binamu yangu alipeleka posa mwaka ambao zizi lao lilibaki karibu tupu. Binti akaolewa kwingine, na binamu akaalikwa, maana ni kijiji kimoja. Ukumbini di-jei akaweka "Malaika", ule laini, watu wakapunga vitambaa. Binamu akatoka nje, na mimi nikadhani amekwenda kuvuta sigara.

Pale Nkuhungu, katikati ya makelele yale, ndipo nilipoelewa alichotokea. Wale vijana hawakuharibu kitu. Walirudisha hasira iliyokuwemo tangu mwanzo.

"Shikamoo mzee," nikamwambia jirani yangu. "Hivi wewe ulitoa ng'ombe wangapi?"

Akacheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Usiniulize wangapi," akasema. "Niulize nilisubiri miaka mingapi."

Hakulalamika tena mpaka wimbo ulipoisha.