Kuhama kabla ya maji: kumbukumbu ya Kabondo

Wazee wa Kabondo wakiulizwa ni lini walitoka nyumbani na mizigo kichwani, wengi huanza na Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 ya mwezi ule, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia nchini kama washirika, yalipigana kwa mizinga ndani ya Kisangani. Mamia ya raia waliuawa. Ilikuwa mara ya tatu, baada ya mapigano ya Agosti 1999 na Mei 2000. Vita ile iliufundisha mji huu namna yake ya kuhama: kamata mtoto aliye karibu, chukua sufuria, kimbilia upande ambao risasi hazilii.

Elimu hiyo imetukaa mwilini, nasi tunahofu kwamba tunaitumia hata pale kinachotujia ni maji. Bomu halitoi taarifa. Mto hutoa.

Tutazame tarehe zenyewe. Kati ya mapigano ya Agosti 1999 na yale ya Mei 2000, mto Kongo ulipanda. Desemba 1999 kipimo cha Kinshasa kilionyesha maji yasiyoonekana tangu 1961, lakini mji wetu ulikuwa mikononi mwa majeshi ya kigeni, na macho ya watu yalikuwa kwenye bunduki. Hata mwaka 1961 ilikuwa hivyo. Desemba ya mwaka ule mto ulifika mita 6.26 huko Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, na rekodi hiyo haijavunjwa. Kisangani iliitwa Stanleyville. Lumumba alikuwa ameuawa Januari, na katika mwaka huo serikali ya Antoine Gizenga ilipata kuwa na makao yake hapa. Vitabu vimejaa habari hizo, na ni haki. Mto umepewa mistari michache.

Mvua za mwisho wa 1961 zilinyesha Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata, na Tanganyika nalo likapanda. Maji ya Tanganyika hutoka Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, hupita Kongolo, Kindu na Ubundu, kisha huteremka maporomoko yetu ya Wagenia. Kwa hiyo mto mkubwa ni habari inayosafiri polepole. Aliye chini anaweza kuisikia kwa walio juu.

Si maji yote yenye subira hiyo. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, mvua iliporomosha tope na mawe kutoka milimani juu ya ziwa Kivu, ikafunika Nyamukubi na Bushushu katika eneo la Kalehe. Waliokufa walipita 400. Familia zile hazikupewa hata muda wa kufunga mlango. Kabondo haina milima ya namna hiyo, ingawa mvua ya usiku mmoja hujaza mifereji, hasa ile tuliyoiziba wenyewe kwa takataka.

Mwishoni mwa 2023 habari ya mto ilifika mapema. Mamlaka inayosimamia njia za maji ilionya kabla ya mwaka mpya, na tarehe 10 Januari 2024 maji yalifika mita 6.20 Kinshasa, sentimita 6 tu chini ya rekodi. Tshopo ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyofurika. Serikali ilihesabu nchini takriban watu 300 waliokufa na nyumba zaidi ya 43,000 zilizoanguka. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 20 Desemba. Kwetu kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha raia, hivyo aliyeiacha nyumbani alipoteza zaidi ya karatasi: mbele ya polisi, benki au ofisi ya serikali, alikuwa mtu asiye na jina. Iwe ya kwanza kuingia katika mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na hati ya kiwanja.

Tunamkumbuka Nuhu kwa safina, na mara nyingi tunasahau kwamba aliagizwa pia kukusanya chakula, na kwamba aliambiwa siku saba kabla ya mvua. Siku saba ni nyingi kwa nyumba iliyokwisha kupatana. Kwa nyumba isiyopatana hazitoshi, kwa sababu ugumu hauko katika kufunga mizigo. Uko katika mlango. Baba hubaki kulinda mabati na kitanda, maji yakimfika kiunoni, kwa kuwa anawajua wezi wa mtaa wake. Hatuwezi kumcheka. Afadhali familia za avenyu moja zipatane mapema nani atapokea watoto wa nani, zamu ya ulinzi itasimama mahali gani pakavu, nani atambeba koko asiyeweza kutembea.

Huyo koko mwenyewe huenda akakataa. Aliyerudi Juni 2000 akakuta nyumba tupu, hata sufuria hakuna, ana sababu ya kutotoka tena. Mjukuu atakayembeba na aanze mazungumzo hayo sasa, mto ungali chini, naye awe na jibu kuhusu mlango.