Tarakimu yenye uzito: Majina na fomula za kampaundi za metali

UDONGO mwekundu wa Kakamega hupata rangi yake kutokana na kampaundi za chuma, mojawapo ikiwa oksidi ya chuma(III), Fe₂O₃. Tarakimu hiyo ya Kirumi huwatatiza wanafunzi wengi, ilhali ndiyo ufunguo wa somo zima.

Kampaundi ya kiayoni huundwa pale metali inapopoteza elektroni na kubaki na chaji chanya, nayo elementi isiyo metali ikazipokea na kuwa na chaji hasi. Kanuni ni moja: jumla ya chaji zote iwe sifuri. Ayoni ya kalsiamu ina +2 na ya kloridi −1, hivyo kalsiamu moja huhitaji kloridi mbili: CaCl₂. Aluminiamu ina +3 na oksidi −2. Fomula ni Al₂O₃, kwani +6 na −6 hufutana. Ayoni ya elementi kadhaa ikirudiwa hutiwa mabanoni, kama ilivyo nitreti ya kalsiamu, Ca(NO₃)₂.

Katika fomula metali hutangulia, bali katika jina la Kiswahili hufuata: kloridi ya sodiamu ni NaCl. Kwa kawaida mwishio -idi huashiria elementi moja isiyo metali, mathalani salfidi. -Eti huonyesha kwamba oksijeni imo, mathalani salfeti.

Sodiamu, kalsiamu na aluminiamu zina chaji moja tu, basi hazihitaji tarakimu. Chuma, shaba na zebaki zina zaidi ya moja. Katika Fe₂O₃, oksijeni tatu zina jumla ya −6. Chuma mbili hugawana +6, kila moja +3. Katika FeO, chuma ina +2, nalo jina ni oksidi ya chuma(II).

Uzito wa tarakimu hiyo huonekana zaidi kwenye zebaki. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na ingawa mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, wachimbaji wadogo wangali wakinasa dhahabu kwa zebaki. Hiyo ni metali tupu, na mvuke wake ni sumu. Kampaundi zake, ijapokuwa hazina kifungo cha kiayoni kamili, hupewa majina kwa kanuni iyo hiyo.

Kloridi ya zebaki(I), Hg₂Cl₂, iliwahi kutumiwa kama dawa ya kusafisha tumbo na poda ya watoto wanaoota meno, hadi ilipobainika katika karne ya 20 kwamba iliwadhuru. Kloridi ya zebaki(II), HgCl₂, huyeyuka majini kwa wepesi zaidi, na gramu chache tu zaweza kuua mtu mzima.

Fomula hizo mbili zinatofautiana kwa tarakimu moja ndogo. Anayeiruka katika mtihani hupoteza alama. Anayeiruka kwenye kibandiko cha chupa huenda akapoteza uhai.